Jina Lililobandikwa Kituoni

Kila siku, saa kumi kamili, mlinzi wa shule aligonga kengele kwa ajili ya wanafunzi wa bondeni peke yao. Wenzao waliendelea na masomo mpaka saa kumi na moja, lakini watoto hawa thelathini na wawili waliruhusiwa mapema, kwa sababu basi la kushuka bondeni lilipita saa kumi na robo, na halikurudi tena. Aliyelikosa alitembea saa nzima, na mvua ikinyesha alifika nyumbani na matope hadi magotini.

Belyse, msichana wa darasa la sita, alikaa kiti kilekile kila siku, karibu na dirisha. Kando yake alikaa Uwase wa darasa la pili, ambaye kabla hata basi halijauvuka mtaa wa Kimironko alikuwa amekwisha kusinzia, kichwa begani kwa Belyse. Huyo ndiye mtu pekee aliyemsogelea Belyse kutwa nzima, na wala sitii chumvi. Belyse alikuwa ametoka Bujumbura miezi minane iliyopita kuja kuishi na shangazi yake, Xavérine, mshonaji katika soko la Kimironko, na tangu hapo hakuwa amepata rafiki. Wanafunzi wenzake waliicheka lafudhi yake kwa wiki moja, kisha wakachoka, wakamsahau. Kusahauliwa kulimuuma zaidi ya kuchekwa. Mchana alikula maharage yake upesi upesi, akaenda kusimama karibu na bomba la maji, ili aonekane ana shughuli.

Ijumaa moja, Mwalimu Kagabo alisoma barua mbele ya darasa. Bodi ya mipango ya usafiri ya mitaa ile ilikuwa inapanga upya njia za mabasi, na ilitaka kila shule itoe wanafunzi watatu wa kuwasemea wenzao.

"Tutapiga kura leo, saa kumi na nusu, uwanjani," alisema mwalimu, huku akitazama saa yake. "Mgombea anasimama, na anayemtaka anajipanga nyuma yake. Tumalize upesi, barua imechelewa kutufikia."

Belyse aliamua kugombea. Alijiambia kwamba anataka kulitetea basi la bondeni, na ilikuwa kweli, ingawa moyoni alitamani pia kuona mtu akija kusimama nyuma yake. Kengele ya bondeni ilipolia hakutoka. Alitazama basi likiondoka na wenzake wote.

Uwanjani walijitokeza wagombea wanne. Nyuma ya Claudette, msichana mchangamfu wa mtaa wa Remera, mstari ulifika hadi kwenye ukuta. Wengine wawili, nao wa Remera, walipata mistari mirefu. Belyse alisikia vishindo vya miguu vikipita kushoto na kulia. Aliona aibu kugeuka, lakini mwishowe aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na nyasi tu.

"Belyse, sifuri," alisema mwalimu, akaandika.

Alitembea mpaka nyumbani siku hiyo. Shangazi alipomuuliza kwa nini amechelewa, alijibu kwamba basi lilimwacha.

Jumatatu, wakati wa chakula, Claudette alimfuata palepale bombani. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Bite, Belyse! Njoo ukae na sisi," alimsalimia. "Tumeandika maoni ya shule. Sisi wa Remera tunapanga foleni mpaka giza linaingia, na mama ananigombeza kila siku. Basi lile la bondeni likija kwetu, taabu imekwisha. Inatakiwa saini ya mtu wa bondeni tu."

Belyse alisoma. *Sisi wanafunzi wote, pamoja na wa bondeni, tumekubali kituo cha bondeni kiondolewe.* Alielewa kila neno. Alielewa pia kwamba benchi la Claudette lilikuwa na nafasi moja wazi, na kwamba wasichana watatu walikuwa wanamtazama na kumsubiri. Akachukua kalamu, akaandika jina lake kamili, Belyse Ndihokubwayo, akatia saini.

Siku tatu alikula bila haraka. Walimfundisha mchezo wa kupiga makofi, wakamwomba asimulie habari za Bujumbura, wakacheka pale alipotaka wacheke. Lakini kila basi liliposhuka, na Uwase akamlalia begani, Belyse aligeuza uso dirishani.

Alhamisi waliposhuka, walikuta watu wamekusanyika kituoni. Bodi ilikuwa imebandika nakala za maoni ya shule, ili wananchi wayasome kabla ya mkutano wa Jumamosi. Shangazi Xavérine alikuwa hapo, furushi la vitambaa kichwani.

"Wanataka kutuondolea basi!" alisema kwa hasira. "Na eti watoto wetu wenyewe wamekubali! Ni nani huyo?"

Uwase, aliyekuwa anajifunza kusoma na aliyesoma kila alichokiona, alijipenyeza mpaka mbele. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Be... ly... se. Ndi-ho-ku-bwa-yo." Akageuka, uso umejaa furaha. "Dada! Jina lako liko hapa!"

Hakuna aliyecheka. Watu wazima walimtazama Belyse, kisha wakamtazama shangazi yake. Xavérine alirekebisha furushi, akaanza kupanda njia ya nyumbani. Belyse alimfuata nyuma. Hata Bujumbura, usiku ule wa kuagana na mama yake, hakuwahi kujiona peke yake kama alivyojiona kwenye njia ile.

Nyumbani alisema yote, mpaka habari ya benchi. Shangazi alisikiliza, sindano mkononi.

"Marafiki uliwataka, nimeelewa," alisema hatimaye. "Lakini hukutoa kitu chako, mwana wangu. Umetoa basi la watu thelathini, na Uwase ni mmoja wao. Jumamosi utakwenda mkutanoni kuwaambia ukweli. Mimi nitakuwa sokoni, kuna nguo ya harusi. Utakwenda peke yako kama ulivyotia saini peke yako."

Jumamosi ukumbi wa Remera ulijaa. Claudette alikuwa amemwekea nafasi, akampungia mkono. Belyse alibaki amesimama ukutani. Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye miwani aitwaye Yasmina, aliposoma maoni ya shule yao na kuuliza kama kuna wa kuongeza, Belyse aliinua mkono.

"Mimi ndiye niliyetia saini kwa ajili ya bondeni," alisema. "Si kweli kwamba wamekubali."

"Uliwauliza wangapi?" aliuliza Mama Yasmina.

"Hata mmoja, Madamu."

"Na nani alikuchagua uwasemee?"

"Hakuna. Nilisimama, hakuna aliyekuja nyuma yangu. Nilitia saini ili nipate watu wa kukaa nao."

Mtu fulani alicheka. Claudette aliinamisha kichwa, akaondoa mkoba aliokuwa amemwekea Belyse kitini. Belyse aliuona mkoba ule ukiondoka.

Lakini Mama Yasmina hakucheka. Aliandika kitu, akauliza: "Kura ilipigwa saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Na basi la bondeni linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

Mwalimu Kagabo, aliyekuwa mstari wa mbele, aliinuka polepole, akavua kofia.

"Kosa ni langu, Mwenyekiti," alisema. "Nilitaka kumaliza upesi. Sikufikiri ni akina nani hawakuwepo."

Bodi iliahirisha uamuzi. Shule ilitakiwa kuchagua upya, na nafasi moja kati ya tatu iwe ya bondeni.

Jumatatu kura ilipigwa asubuhi, wanafunzi wote wakiwepo. Wa bondeni walijipanga upande wao. Ismaël, mvulana mpole wa darasa la tano, alijitokeza. Kisha mtu akaita: "Na Belyse je?"

"Oya, hapana," alisema Belyse. "Mimi niliwasemea bila kuwauliza. Nitasimama nyuma ya Ismaël."

Akaenda, akasimama. Mara akasikia vidole vidogo vikishika sweta lake kwa nyuma. Alikuwa Uwase, na nyuma ya Uwase walikuwa wengine.

Ismaël alizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza maoni, na Belyse akamwandikia. Mzee mmoja, dereva wa basi lile, ndiye aliyewapa wazo walilolipeleka kwa bodi: basi likishawashusha watu wa bondeni, lipande tena hadi shuleni kuwachukua wa Remera saa kumi na moja, badala ya kurudi tupu mjini. Bodi ilikubali. Bondeni walibaki na kituo chao, na foleni ya Remera ikapungua.

Claudette hakumsalimia Belyse kwa wiki nyingi, na benchi lile halikumwita tena. Siku nyingine bado alikula peke yake. Mwalimu Kagabo alimkuta hivyo bombani, akaegemea ukuta kando yake.

"Sote wawili tulikosea, Belyse," alisema. "Mimi nilihesabu waliokuwepo tu, nikawasahau wasiokuwepo. Wewe ulisema kwa niaba ya watu ambao hukuwauliza. Anayewasemea wengine ni lazima kwanza awasikilize, na akikosea aseme kweli mbele yao, hata ikimgharimu. Wewe ulisema. Mimi nilisubiri mtoto aanze."

Saa kumi kengele ililia. Basi lilipoanza kuteremka, Uwase hakusinzia.

"Dada," alisema, "siku ile ya mstari wa Ismaël nilihesabu. Nyuma yangu walikuwa ishirini na tisa. Nami wa thelathini, wote nyuma yako."

Belyse alimtazama, akajisogeza ili bega lake likae vizuri.

"Lala," alimwambia. "Nitakuamsha tukifika."