Karte Moja, Akina Atumani Wawili

Jirani zangu, ua ule wa mtaa wa Bwiza ungeusikia kabla ya kuuona. Asubuhi Sijaona yuko mbele ya mbabula ya makaa anakaanga maandazi, wifi yake Soumaya anachambua ndagala, wale samaki wadogo, kwenye ungo, na watoto wao wawili wamekaa mkeka mmoja wanagombea kikombe cha uji chenye mkono, maana kile kingine mkono wake ulivunjika zamani. Watoto wote wawili waliitwa Atumani. Ilias, mume wa Sijaona, ni kaka yake Soumaya, na kila mmoja alimpa mwanawe jina la marehemu baba yao. Basi wa Soumaya akaitwa Mkubwa, wa Sijaona akaitwa Mdogo. Mtu akibisha hodi na kuita "Mama Atumani", wanawake wote wawili wanaitika, halafu wanacheka.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Bunduki zilisikika upande wa milimani, lakini shule zilikuwa zinafunguliwa, na kaptula ya kaki ya Mdogo ilikuwa imeshapigwa pasi. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho shule ilikitaka: karte, ile kadi ya chanjo.

Sijaona hakuwa nayo. Iliungua pamoja na nyumba yao ya Mutakura, Oktoba ile ya 1993 walipokimbia na mtoto mgongoni. Na hata ingesalimika, isingekuwa na muhuri wa surua, kwa kuwa wiki aliyoambiwa ampeleke mtoto ndiyo wiki vita ilipoanza. Huko Bwiza walikokimbilia alisema atakwenda Alhamisi, siku ya chanjo. Alhamisi moja milio ya risasi, nyingine mji umefungwa, nyingine wateja wa maandazi ni wengi. Mwanzoni vita ndiyo ilimzuia, wenzangu. Baadaye alijizuia mwenyewe.

"Wifi, uniazime karte ya Mkubwa," akasema.

Soumaya akaweka ungo chini. "Chumvi nitakuazima. Makaa nitakuazima. Karte?"

"Jina si ni Atumani?"

"Jina ni la baba. Sindano alitobolewa mwanangu."

"Kwani mwalimu atamvua mutoto nguo atafute kovu? Anaangalia muhuri tu. Acha kwanza aingie shule, chanjo nitampeleka."

Katika ua ule hakuna aliyewahi kumnyima mwenzake kitu, na Soumaya hakutaka kuwa wa kwanza. Alitoa karte kwenye kopo la biskuti, akaipangusa kwa upindo wa kitenge, akampa. Mwalimu akatazama jina la mtoto, akatazama mihuri, la mama hakulisoma, akamwandika Mdogo. Siku ile Sijaona alirudi nyumbani akiimba.

Mvua zilipoanza, surua ikaingia mtaani. Waganga wa dispansari wakaja shuleni na chanjo ndani ya kisanduku cha barafu. Dawa ilikuwa haba, kwa hiyo waliwapanga watoto kwa kufuata daftari la mwalimu: wenye muhuri wa surua kando, wasio nao mbele. Mdogo alirudi mchana akirukaruka.

"Mama, mi sikutobolewa. Muganga amesema mi nilishachanjwa."

Mwiko ulimtoka Sijaona mkononi. Soumaya alisikia yote.

"Kesho uende useme ukweli," akasema kwa sauti ya chini.

"Watamfukuza shule, wifi. Na wewe watakuuliza."

"Waniulize. Mi nitajibu."

Sijaona hakwenda. Kila asubuhi alimgusa mtoto paji la uso kabla ya kuwasha mbabula, akalikuta limepoa, akashukuru Mungu, akaendelea na maandazi yake. Hivi ndivyo tunavyofanya: tukiona jana imepita salama, tunadhani kesho nayo imetuahidi.

Kisha asubuhi moja paji lilikuwa la moto. Macho ya Mdogo yalikuwa mekundu, na kikohozi kilimkunja kama kisu cha kukunja. Kwenye dispansari waliwakuta akina mama wengi kwenye benchi. Muganga Consolée akapokea karte ile ile ya Mkubwa, akamfungua mtoto kinywa, akamtazama macho kwa muda mrefu.

"Ningesema ni surua," akasema. "Lakini karte inaonyesha alichanjwa. Si ndiyo, Mama Atumani?"

Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi wa Sijaona. Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Akafikiria kaptula ya kaki, akafikiria wifi yake.

"Ndiyo, muganga."

"Basi tumpe dawa ya malaria. Upele ukitoka, umrudishe haraka."

Upele ulitoka, ukaanzia nyuma ya masikio ukashuka kifuani. Sijaona akajiambia ni joto. Akampaka mafuta, akamfunika, akafunga dirisha. Kufika alasiri ya pili mtoto hakutaka tena uji, hata katika kile kikombe chenye mkono. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na macho yalikuwa yamegandishwa na usaha.

Soumaya aliingia chumbani, akatazama, akachukua kitenge akamfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe. "Twende. Kuvrefe bado kidogo, kisha hakuna kutoka nje."

Njiani askari walikuwa wameweka kizuizi. Mmoja akauliza mnaenda wapi na saa hii.

"Mutoto anakufa," Soumaya akasema.

Askari akafunua kitenge, akafunika haraka, akawapisha.

Consolée alikuwa anafunga mlango wa dispansari. Akauliza swali lile lile: "Huyu kweli alichanjwa?" Soumaya alimgeukia wifi yake, akangoja.

"Apana," Sijaona akasema. "Karte si yake. Ni ya mutoto wa wifi yangu. Huyu hajawahi."

Consolée hakumgombeza. Pengine angegombezwa ingekuwa nafuu. Alimdondoshea mtoto kinywani vitamini ya kulinda macho, akasimamisha gari la msaada lililokuwa linapita, likawafikisha hospitali saa ya kuvrefe ikigonga. Kabla mlango wa gari haujafungwa, akasema, "Mama Atumani, ungeniambia siku ile ya kwanza, nisingekuuliza kitu kingine."

Mdogo alipona. Jicho la kulia lilirudi kuona. La kushoto lilibaki na utando mweupe kama ukoko wa uji, na hadi leo akitaka kukuona vizuri hukugeuzia uso upande mmoja kama jogoo. Shule haikumfukuza. Waganga walimchanja chanjo zote alizokosa, wakamwandikia karte yake.

Mwaka uliofuata risasi zilifika karibu, watu wa ua wakakimbia tena. Sijaona aliacha mbabula inawaka na maandazi ndani ya mafuta. Alipofika walikojificha, Soumaya alimwuliza ameokoa nini. Akafungua fundo la kitenge: karte ya Mdogo, na jina la mama limeandikwa kwa herufi kubwa, Sijaona.

Mafunzo

Wazazi wenzangu, jina linaweza kurithiwa na watoto kumi, chanjo haiazimwi. Karte ya mwenzako humridhisha mwalimu, lakini surua haisomi karte. Ikipotea au ikiungua, nenda useme imepotea. Waganga wataanza upya bila kukudai sababu. Kila muhula unapoanza, itazame kama unavyotazama viatu vya mtoto, uone kama bado inamtosha. Na ukiulizwa na muganga, jibu kweli mara ya kwanza. Sijaona alijibu mara ya pili, na tofauti ya majibu hayo ni jicho la mwanawe.