Mtoto wa Ng'ambo ya Mstari Mweupe

Ukiwa hauna hodi, hupenya bila mlango;
Kivuli kinaporudi, huja na wake mpango.

Shangazi yangu Ingunn aliwapima wajawazito kwa ultrasaundi katika zahanati ya kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Norwe, miaka ishirini na sita, bila msaidizi. Siku ile ya Novemba, saa tano asubuhi, alimaliza kahawa na mkate wake wa jibini ya kahawia, kisha akamwita Oddny Kvalvik.

Oddny alikuwa mjane wa miaka arobaini na moja. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika. Hii ya nne, ya miezi mitano, ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Kioo cha mashine kikawaka. Mtoto alikuwa mzima, moyo wake kushoto. Chini yake ulipita mstari mweupe. Na ng'ambo ya mstari huo alilala mtoto wa pili, hafifu, amepinduliwa.

"Mapacha?" Oddny akanong'ona.

"Mwangwi tu, mpenzi. Sauti imegonga hewa ya utumbo, ikachelewa kurudi, basi mashine imemchora mtoto mara mbili. Hii inadanganya kuliko mume wangu."

"Wako angalau anadanganya akiwa nyumbani, dada."

Wakacheka. Ingunn akafuata desturi ya kazi yake: kubadili pembe. Mwangwi hupotea, mtoto hubaki. Akakiinamisha kifaa juu ya tumbo.

Aliyepotea alikuwa wa juu.

Akaurudisha mkono. Wakaonekana wote wawili. Mwangwi huiga kila mtikisiko wa mwenyewe, papo hapo. Hilo alilijua kama jina lake. Wa juu alikuwa ametulia.

Wa chini akainua mkono.

"Mbona kimya, dada?"

Mpimaji hasemi kabla ya kuwa na hakika. "Vuta pumzi," alinong'ona Ingunn. "Ishikilie."

Moyo wa juu ulikuwa umesimama. Wa chini ulidunda.

"Niambie. Yu hai?"

Akabadili pembe tena. Mstari haukuwapo. Alibaki mtoto mmoja, angavu, akirusha miguu. Moyo wake ulikuwa kulia, kama wa mtu atazamwaye ndani ya kioo.

"Yu hai," alisema shangazi. Ilikuwa kweli. Hakuthubutu kuongeza neno.

Oddny alilia kwa furaha, akajifuta tumbo, akavaa koti. "Sitakuwa peke yangu tena," alisema mlangoni.

Shangazi alizima mashine, akachomoa waya, akakifuta kioo kwa kitambaa. Alama moja ilikataa kutoka. Ilikuwa ya kiganja, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, vidole vitano vimekunjuliwa.

Akafuta tena.

Alama ilikuwa upande wa ndani.

Nje, Oddny alikuwa akishuka kuelekea kivukoni, mikono juu ya tumbo. Chumbani alibaki Ingunn, amesimama, peke yake.