Bakuli la Baba Lenye Alama Nyekundu

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi moja: kuchemsha bakuli la Baba na vijiti vyake vya kulia. Bibi alikuwa amelipaka bakuli alama nyekundu tusije tukakosea. Tangu Baba apimwe na kukutwa na kirusi cha homa ya ini, alikula peke yake kwenye kigoda mlangoni, akiwa ametugeuzia mgongo.

"Huilan, maji yamechemka kweli?" Bibi aliniuliza.

"Yamechemka, Bibi. Hata mimi nimechemka."

"Mdomo huo! Ukiugua usije kunililia."

Nilikuwa nimechoka. Baba alichoka zaidi. Siku ya kupiga picha ya ini, kuangalia kama lina saratani, ilipofika, aligoma kwenda.

"Nikapime ili iweje? Hata mezani kwangu sina kiti."

Niliogopa sana. Nilimshika mkono, nikamvuta hadi hospitalini. Bibi alifuata nyuma, akitaka daktari anionye nikae mbali na Baba.

Daktari Fang, mama mmoja mpole, alinieleza taratibu. "Virusi vinavyoleta saratani havikai popote tu. Kimoja hupenda nyuma ya pua, kingine mlango wa kizazi. Hiki cha baba yako makao yake ni ini. Hakipiti kwa wali wala vijiti. Hupita kwa damu na majimaji mengine ya mwili, na mama anaweza kumwambukiza mtoto anapomzaa. Nyumbani mnachangia nini?"

"Hatuchangii chochote!" Bibi alidakia. "Bakuli lake lina alama."

Niliona aibu, lakini nikasema. "Kikata kucha ni kimoja. Juzi nilimkata nacho Bibi kucha mpaka akatoka damu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Bakuli mnachemsha, kikata kucha mnapokezana?"

Alitupima sote. Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Ini la Baba halikuwa na uvimbe, ila alitakiwa kurudi kila miezi sita. Mimi nilikuwa salama, kwa kuwa nilichanjwa nilipozaliwa. Bibi alikuwa na kirusi hicho, tena kwa miaka mingi. Daktari alisema inaelekea alikuwa nacho hata kabla ya kumzaa Baba.

Jioni niliinjika maji kwa mazoea.

"Zima, mjukuu wangu," Bibi alisema.

Alilichukua lile bakuli, akaliweka mezani karibu na lake, akamwita Baba. Kisha kwa vijiti vyake mwenyewe alichomoa nyama ya shavu la samaki, ile anayoipenda kuliko zote, akamtilia.

"Huilan, kabla hujamtenga mgonjwa, uliza kwanza ugonjwa unakaa wapi na unapita wapi. Mimi sikuuliza. Nimemtupa mwanangu mlangoni kwa kitu nilichompa mwenyewe."

Machozi yalimtoka. Baba alisogeza kiti karibu naye.

"Kula, Mama," alisema. "Samaki anapoa."