Digrii ya Kokulinda na Shamba la Bibi

Mwaka 1995 Kokulinda Kashaija alimaliza kidato cha sita. Majirani wa Pasiansi, Mwanza, wakampa cheo siku hiyohiyo.

"Profesa, njoo ununue dagaa!" waliita wauzaji. "Au wasomi mnakula vitabu?"

Baba yake, Mzee Kashaija, hakutania. Shirika la umma lilikuwa limempunguza kazini. Alibakiwa na shamba la migomba Sengerema, ng'ambo ya maji. Mama yake mzee huyo, bibi yake Kokulinda, alizikwa humohumo, kati ya migomba, kama walivyozoea Wahaya.

Kokulinda alipata nafasi mbili. Moja ilikuwa chuo kikuu cha serikali, kusomea historia, fasihi na ualimu. Nyingine ilikuwa chuo cha kulipia cha nchi jirani: historia na fasihi zilezile, bila ualimu.

"Profesa wangu ashike chaki?" alisema baba. "Hapana. Ataenda nje."

"Kwa fedha gani, Baba Kokulinda?" aliuliza Evelina, mama yake Kokulinda.

"Za Ndalahwa. Tutaweka shamba rehani."

Ndalahwa alikuwa mkopeshaji wa mtaa wa Mirongo. Alikuwa mpole mno, na upole huo ndio uliotisha. Hata kwenye kokoto viatu vyake havikulia.

Jumamosi, baba, binti na Ndalahwa walivuka kwa kivuko kwenda kukagua shamba. Ndalahwa hakutazama ndizi hata moja. Alikwenda moja kwa moja hadi kaburini, ingawa hakuna aliyemwonyesha njia.

Akainama. "Shikamoo, mama."

Kisha akanyamaza, akasikiliza. Upepo haukuwepo, lakini majani ya migomba yalichezacheza. Ndalahwa akatikisa kichwa, kama mtu aliyeitikiwa marahaba.

Akaweka kiganja juu ya saruji, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. "Bado ana joto," alisema.

"Ni jua hilo," alisema Kokulinda. Lakini mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

"Shamba tupu silikopeshei," Ndalahwa alisema taratibu. "Mtu huliacha akakimbia. Lakini hakuna anayemkimbia mama yake." Akatazama nafasi iliyo kando ya kaburi. "Na hapa ni pako, mzee? Panakutosha."

Mzee Kashaija alitabasamu kwa midomo tu.

Kesho yake Kokulinda alimwita dada Suzana, jirani yao. Suzana alikuwa na digrii ya historia na fasihi, akifundisha sekondari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwambie mwenzako. Msomi halipwi vizuri?"

Suzana akacheka. "Mzee, umewahi kuniona na gari? Masomo yangu siyajutii. Ila mkopo huo, pamoja na riba, ni shilingi ngapi kwa mwezi?"

"Laki moja. Kwa miaka minne."

"Mshahara wangu ni elfu sitini."

Evelina aliacha kumenya ndizi.

"Ataajiriwa serikalini," baba alijitetea.

"Zamani ukimaliza, ulipangiwa kazi. Siku hizi unajitafutia. Wenzangu wawili bado wanatafuta. Mzee, kabla ya kukopa, waulize waliosoma masomo hayo wanapata nini. Toa chakula, toa kodi ya chumba. Kinachobaki ndicho kitakacholipa deni. Kisipotosha, tafuta njia ya bei nafuu. Chuo cha serikali kinafundisha historia hiyohiyo! Na akiwa na ualimu, ana mlango mmoja zaidi wa kubisha."

"Baba," alisema Kokulinda, "chaki haitanichafua."

Jioni Ndalahwa alifika. Hawakusikia hatua. Walimwona tu, amesimama sebuleni na karatasi zake.

"Sisaini," alisema Mzee Kashaija. Akazisukuma karatasi kando, akarudia. "Sisaini."

Ndalahwa hakukasirika. Alitazama nyuma ya bega la mzee, mahali pasipo na mtu, akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha akaondoka. Evelina alifunga mlango, akausogezea na meza.

Kokulinda alikwenda chuo cha serikali. Familia ilichangia nauli na matumizi madogo. Fedha zilizopungua, mama alikopa kwenye chama chake cha akina mama. Mwaka 1998 Kokulinda alihitimu. Alitafuta kazi miezi mingi, akaipata katika sekondari moja ya Sengerema. Kila mwezi alilipa kidogo, na bado alikula, akapanga chumba, akamnunulia mama kitenge. Baada ya mwaka deni likaisha.

Jumapili moja alikuja Pasiansi, akakaa karibu na baba yake.

"Baba, nataka kusoma tena. Digrii ya pili."

Evelina akapiga vigelegele. Mzee Kashaija akanyoosha mkono kumnyamazisha.

"Ngoja kwanza, mama. Wewe, profesa. Waliomaliza hiyo ya pili, umewauliza wanalipwa kiasi gani?"

"Bado, baba."

"Basi kunywa chai yako, uende ukaulize."