Pindo la Shati la Delmar

Delmar Kowalke ni mume wa binamu yangu Joyce, na haya yalimkuta mwezi wa Oktoba kwenye kambi yao ya uwindaji, kaskazini mwa Wisconsin, Marekani. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mvua ilikuwa imeanuka, soseji zinakaangwa, na Delmar amekaa mezani anachagua vichwa vya mishale.

Alikuwa na aina mbili. Ya kwanza, makali yake yamesimama wazi muda wote. Ya pili, makali hukunjwa pembeni na hufunguka mshale ukigonga mnyama. Hivi vya kukunja huruka vizuri mno, na Delmar, mtu wa kupenda sifa, alikuwa amevinunua ili awakoge wenzake.

"Shemeji, hivyo vinataka upinde wenye nguvu," alisema Verlyn, kaka yake Joyce. "Wako umeulegeza tangu kiwiko kianze kukusumbua. Nguvu yote itaishia kufungua makali. Chukua hivi vyangu."

"Wewe baki na vya babu yako. Jioni utanisaidia kubeba nyama."

"Haya bwana. Mimi simo."

Jioni kulungu jike alipita chini ya mti aliokwea Delmar. Akaachia. Mshale ukampata begani, ukaingia kidogo tu, ukaning'inia. Jike akatoa mlio kama wa mtu anayekohoa, akatokomea nao msituni.

Kambini pale wana sheria yao: ukijeruhi, unaita wenzako, na wote mnafuata damu mpaka mnyama apatikane. Lakini kuwaita ilikuwa ni kumwonyesha Verlyn ule mshale. Delmar alirudi akasema, "Nimekosa."

Aliyekosa hukatwa pindo la shati, likapigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Walimkata huku wakicheka.

"Vinaruka kweli, shemeji! Vimeruka mpaka Kanada!"

Delmar alicheka nao, na moyoni akajiona mshenzi.

Asubuhi pindo lilikuwa limelowa damu.

"Nani kafutia mikono hapa?" Verlyn aliuliza. Wote walikana. Delmar alilifua kwa sabuni, akalirudisha kwenye msumari wake. Mchana, wenzake wakiwa nje wanapasua kuni, likalowa tena. Likaanza kudondosha. Tone. Kimya. Tone. Kisha kitu kikakohoa nje ya dirisha. Delmar akachungulia. Hapakuwa na kitu. Kikakohoa tena. Karibu zaidi.

Alitoka mbio, akamshika Verlyn mkono, akanong'ona, "Shemeji, sikukosa."

"Unasemaje?"

"Nilimpata begani. Nikamwacha."

Verlyn alimtazama, akaweka shoka chini, akaingia kuvaa buti. Hakumtania hata kidogo, na hilo lilimuuma Delmar kuliko matusi. Walifuata damu mpaka ikapotelea ukingoni mwa kinamasi, jua likiwa linazama.

"Ungesema jana ile ile," Verlyn alisema taratibu, "tungemmaliza asiteseke."

Delmar alirudi kambini. Alikusanya vitu vyake, akaendesha gari mpaka nyumbani, mwendo wa saa kadhaa, redio amezima. Joyce alipomuuliza uwindaji ulikuwaje, akamwambia amekosa. Alimdanganya mkewe vilevile.

Asubuhi Joyce alimwita kutoka bustanini. "Delmar, hebu njoo. Mbwa wa nani alilala kwenye maua yangu usiku?"

Chini ya dirisha la chumba chao majani ya maua yalikuwa yamelazwa, na aliyelala pale alikuwa mkubwa kuliko mbwa yeyote wa mtaa ule. Matone ya damu yalianzia barabarani, upande aliojia Delmar na gari. Yalivuka uwanja. Yakafika dirishani. Hapakuwa na tone hata moja la kuondoka.

Delmar alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya majani. Bado yalikuwa na joto.