Nilibisha Hodi Nyumbani kwa Shangazi Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Nilisomea jiografia chuo kikuu huko Bukavu, ninaifundisha katika shule moja ya sekondari hapa Uvira, na siku za Jumamosi hupiga picha za harusi. Nina mume mpole na watoto watatu. Watu wa mtaani hunihesabu kuwa mtu mwenye kufikiri kabla ya kutenda... Lakini ninyi mnaosoma mistari hii, kufikiri huko ndiko kulikoniponza!

Ninaandika nikiwa kwangu, mtaa wa Kasenga, nikitazama ukuta mtupu wa sebule. Ukuta huu niliutengea picha moja tu. Haipo, wala haitakuwapo kamwe.

Baba yangu alizaliwa Ijwi, kile kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu, kisiwa cha mananasi na kahawa. Alitoka huko angali kijana, baada ya kugombana na babu kuhusu mpaka wa shamba, akashuka hadi Uvira na hakurudi tena. Mwanzoni ilikuwa hasira. Kisha ikawa aibu. Kisha vita. Mwishowe miguu yenyewe ikakataa. Nyuma alimwacha dada yake mmoja, Shangazi Cibalonza, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kwa miaka yote hiyo salamu zao zilipita midomoni mwa wachuuzi.

Siku chache kabla ya kufa, baba aliniita kitandani. Alinishika mkono, akaniambia maneno ambayo hata leo yananichoma:

“Nabintu, nenda kwa shangazi yako mbele ya kufa kwake. Nilishamutumia habari kama mutoto wangu atakuja. Na ukifika, usibishe hodi! Kwetu mugeni ndiye anabishaka hodi. Weye pita moja kwa moja mpaka jikoni, funua chungu, onja. Atajua iko damu yangu.”

Nikaahidi. Tukamzika. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Baba alinituma kusalimia. Mimi nikaigeuza salamu ile kuwa mradi wa picha.

Nilinunua daftari la jalada la bluu. Nikaandika humo saa za jua kuchomoza, upande ambao vivuli vingeangukia, betri za kubeba, vijiji vya kupitia. Nilitaka kukipiga picha kisiwa kizima, na katikati yake uso wa Shangazi Cibalonza. Nilijua kwamba kiangazi moshi wa mashamba yanayochomwa hulifunika ziwa kwa ukungu wa kijivu, na kwamba mvua za kwanza za Septemba huosha hewa hadi ng'ambo ionekane. Basi nikasema tutakwenda Septemba. Septemba ya kwanza ikapita kwa sababu sikuwa na lenzi niliyoitamani. Ya pili ikapita kwa sababu barabara ya uwanda wa Ruzizi iendayo Bukavu haikuwa salama. Shangazi alikuwa anangoja... na mimi nilikuwa nangoja hewa safi!

Nasema “tutakwenda” kwa sababu sikupanga peke yangu. Nilikuwa na Solange.

Solange na mimi tulisoma darasa moja chuoni, tukalala chumba kimoja, tukala sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani moja. Ni mama wa ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Naye ni mpiga picha, ana studio ndogo pale mtaa wa Rugenge, na kompyuta anaijua kuliko mimi. Ningemficha nini mtu kama huyo?

Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia majumbani, maji yalituharibia picha zote za baba isipokuwa moja, nayo ilikuwa na madoa. Nilimpa Solange aisafishe kwa kompyuta. Nilimpa majina ya mababu, moja baada ya jingine, kama nilivyofundishwa. Nilimwambia habari za kovu la baba kwenye kiwiko, alilolipata alipoanguka kutoka juu ya mti wa avoka huku dada yake akimcheka. Kila kitu kilikuwa ndani ya daftari la bluu, na daftari lilikuwa likilala kwake kama kwangu.

Tena nikafanya jambo ambalo mpiga picha yeyote angelifanya. Nilitaka Solange anipige picha wakati ule nitakapoingia jikoni kwa shangazi, maana wakati kama huo haurudiwi. Kwa hiyo tukafanya majaribio nyumbani kwangu. Ili nimwonyeshe pa kusimama na jinsi ya kupima mwanga wa mlangoni, nilimwomba ashike nafasi yangu. Yeye awe mimi, nami niwe nyuma ya kamera.

Aliingia bila hodi, akapita sebuleni, akafika jikoni, akafunua sufuria ya maharage na kuonja. Yalikuwa ya moto, akaruka!

“Ee mama! Shangazi yako ataniunguza ulimi!” alipiga kelele, nasi tukacheka hadi tukakaa chini.

Tulirudia mara tatu. Yeye alifanya vizuri. Zamu yangu ilipofika, kila mara miguu yangu ilisita mlangoni.

“Dada, weye masomo ilikuharibu,” alinitania. “Unaingia kwenu kama unaingia ku biro ya prefe!”

Nilicheka tena, maana ofisini kwa prefe, mkuu wa shule yetu, sote huingia kwa woga. Laiti ningalijua...

Mwezi wa Juni Solange aliniambia kwamba anakwenda Bukavu, shangazi yake anaumwa. Nilimhurumia. Nilikwenda mwenyewe sokoni, nikamchagulia ndagala wakavu, wale dagaa wazuri wasio na mchanga, nikawafunga kwenye kitambaa cheupe chenye ua jekundu pembeni. Nikamwambia ampelekee mgonjwa. Alinikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida. Nilidhani ni upendo.

Septemba ya tatu ikawadia. Barabara ilikuwa shwari, lenzi ilikuwapo, hewa ilikuwa imeoshwa. Siku mbili kabla ya safari Solange alinipigia simu kwa sauti dhaifu.

“Dada, minye niko na malaria. Siwezi simama. Acha tungojee mwaka kesho.”

Kwa mara ya kwanza nilikataa kungoja. Nilikwenda peke yangu.

Nilipanda gari hadi Bukavu, na kesho yake boti hadi Ijwi. Nilikanyaga udongo wa baba yangu saa nne za asubuhi, jua likiwa kali na ziwa likiwa buluu hadi ng'ambo, kama nilivyoandika daftarini. Nilipanda njia kati ya migomba nikiuliza nyumba ya Cibalonza. Nikaiona kwa mbali, nyumba ya matofali yenye moshi mwembamba nyuma yake. Shangazi alikuwa anapika!

Nikasimama, nikatoa kamera, nikapiga picha. Halafu nyingine. Watu walikuwa uani wakimenya mihogo, wakanitazama. Nikaona jinsi walivyoniona: mwanamke mgeni mwenye kamera shingoni. Miaka yote ya kazi hii nimejifunza kwamba mpiga picha mwenye adabu huomba ruhusa kabla ya kuingia kwa watu. Miguu ikasita. Mdomo ukatangulia moyo...

Nilisema, “Hodi!”

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Hata kulimeza sikuweza.

“Karibu, mugeni,” alijibu mwanamke wa rika langu. Alikuwa Mapendo, binti wa shangazi, ndugu yangu wa damu ambaye sikuwahi kumwona. Akaniingiza sebuleni, akanipa kiti cha wageni.

Shangazi Cibalonza akaletwa kutoka jikoni akitembelea fimbo. Macho yake yalikuwa ya baba yangu! Nilipiga magoti, nikamwambia kwamba mimi ni Nabintu, mtoto wa kaka yake aliyekwenda Uvira. Shangazi akasema polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto:

“Mutoto wa kaka yangu alishakuja. Alikuja kiangazi. Naye hakubisha hodi.”

Nilitaja majina ya mababu. Mapendo aliyamalizia pamoja nami kwa kejeli, maana alikuwa ameshayasikia. Nilitaja kovu la kiwiko na mti wa avoka. Walikuwa wameshacheka na kulia juu ya habari hiyo tangu Juni. Kila ukweli nilioutoa ulikuwa umekwisha kutumiwa na mtu mwingine! Nikatoa kadi yangu ya uchaguzi yenye jina la baba.

“Kadi!” alicheka Mapendo. “Mu hii inchi, hata mbuzi anaweza pata kadi. Mama, uyu anataka shamba yetu.”

Ndipo nikainua macho ukutani. Picha ya baba ilikuwapo, imesafishwa, haina doa hata moja, ndani ya fremu. Chini yake, juu ya meza, palikuwa na kitambaa cheupe chenye ua jekundu.

“Hata ndagala alituletea,” shangazi alisema.

Ndugu zangu, mmewahi kulia mbele ya watu wenu wenyewe na wao wakaona ni ujanja? Mmewahi kufukuzwa kwa upole na mtu mwenye macho ya baba yenu? Sikumpiga picha. Ningempigaje? Kamera ile ilikuwa kifuani kama jiwe. Nilimwambia Mapendo tu kwamba nafundisha Uvira, mtaa wa Kasenga, nikashuka njia ya migomba bila kugeuka.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Rugenge. Malaria haikuwapo. Solange alikuwa anafunga mizigo. Hakukana. Alinieleza, akikwepa uso wangu, kwamba palikuwa na shindano la picha nje ya nchi, na masharti yalitaka kila mpiga picha aeleze habari za ukoo wake mwenyewe. Picha zake zilikuwa zimekubaliwa, naye alikuwa amealikwa huko. Ziliitwa “Nyumba ya Shangazi Yangu”. Alinionyesha moja kwenye kompyuta: shangazi anacheka, mwiko mkononi, mwanga wa mlangoni ukimwangukia begani. Ulikuwa mwanga niliomfundisha mimi.

Nilimsihi awapigie simu watu wa Ijwi na kuwaambia ukweli. Sikutaka picha zake wala safari yake. Nilitaka jina langu tu lirudi kwa shangazi yangu. Akatikisa kichwa. Akisema ukweli, alinieleza, utawafikia wenye shindano na picha zitatupwa.

“Hadithi yangu minye haina kisiwa,” alisema. Kisha akaongeza neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: “Weye kisiwa ulikuwa nacho miaka yote, dada, na haukuenda. Minye nilienda.”

Nilitoka, nikarudi Kasenga. Usaliti wenye uongo mtupu unaweza kuuchukia na kuumaliza. Lakini usaliti wenye chembe ya ukweli ndani yake, utaufanyia nini?

Nilipanga kurudi Ijwi na rafiki wa baba, mzee aliyetoka kisiwani pamoja naye, awe shahidi wangu. Kabla hatujaondoka barabara ikafungwa tena. Nikangoja. Safari hii nilingoja kwa lazima, na kila siku ilikuwa adhabu.

Kisha, Jumapili moja baada ya ibada, nilikuwa sebuleni nikisahihisha kazi za wanafunzi. Jikoni sufuria ya ndagala ilikuwa motoni. Mlango ukasukumwa. Hakuna aliyebisha hodi. Mwanamke mwenye vumbi la njia hadi magotini alipita mbele yangu, akaingia jikoni. Nikasikia mfuniko ukiinuliwa.

Nilipofika mlangoni nilimkuta Mapendo, kijiko mkononi, anaonja huku machozi yanamtiririka.

“Chumvi ni kidogo,” alisema. Kisha akaanguka kifuani mwangu.

Shangazi Cibalonza alikuwa amefariki. Kwao mtoto wa kaka ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, kwa hiyo waliipiga nambari ya simu aliyoiacha “Nabintu” wa kiangazi. Walimwambia mama amekufa, wanamngojea. Yule aliyebarikiwa na shangazi yangu, aliyekula chunguni mwake, aliyemwita mama, alijibu maneno machache: “Munakosea nimero.” Akaizima simu.

Walizika bila udongo wa mtoto wa kaka. Mapendo akakumbuka mgeni aliyelia, na mtaa wa Kasenga. Alikuja kwa boti, kwa gari, na kwa miguu pale gari liliposhindwa.

Nilimwuliza kama shangazi aliwahi kunitaja tena. Akanieleza. Siku ile nilipoondoka, shangazi hakula. Jioni yake alisema kwamba mgeni yule alikuwa na mwendo wa kaka yake, na laiti asingebisha hodi...

Nimelipata kaburi lake, nimetupa udongo wangu juu ya udongo uliokwisha kukauka. Mapendo sasa ni dada yangu. Lakini sura ya shangazi ninayo akilini tu, na picha zake zote ziko katika nchi za mbali chini ya jina la mtu mwingine.

Nawasihi ninyi mnaosoma: kama mzazi amewatuma kwa ndugu, nendeni! Nendeni na nguo mlizo nazo, katika ukungu huo huo, kwa njia iliyopo. Msitafute mwanga mzuri kwa mtu anayewangoja. Majina ya mababu zenu na siri za vyungu vyenu msimfundishe mtu kabla ninyi wenyewe hamjazitumia, hata kama mmekula naye sahani moja. Solange aliniibia, na sijui kama nitaweza kumsamehe. Lakini siku ile mlangoni Solange hakuwapo. Nilikuwa peke yangu, mbele ya nyumba ya baba yangu, na mdomo uliosema hodi ulikuwa wangu.