Mkono wa Keziah

Soko la mifugo la Kajiado lilinuka mavi na mkojo wa mbuzi. Keziah, aliyekuja kutoka kwao Kitengela kwa likizo kwa shangazi yake, alikuwa amefunika pua kwa leso.

"Siste, simama nyuma ya lori, kuna kivuli," kijana mrefu mwenye kikoi cha samawati, aliyekuwa akimuuzia shangazi mbuzi, akamwambia. Jina lake Hared. Wakapeana namba, wakaanza kupigiana simu.

"Umeamkaje, maziwa ya ngamia?" Hared alizoea kumtania, kwa kuwa kwao hakuna kitamu zaidi.

"Mimi si maziwa, wewe."

Lakini jua lilimfanyia Keziah lile linalomfanyia kila likizo. Mikono ilitoka vipele vyekundu, vikapasuka, vikatoa maji. Nzi walivifuata. Dawa nyeupe ya duka la dawa iliganda juu yake kama ukoko wa uji. Alioga akiwa amefumba macho ili asijione.

Walipokutana tena, alijikaza akamnyooshea Hared mkono. Hared akaweka wake kifuani, akatabasamu tu. Kisha akampa zawadi: glavu ndefu nyeusi kutoka duka la dadake Samsam.

Keziah akazikunja glavu, akazisukuma mkobani. Ananiona kinyaa, akawaza. Anataka nijifunike. Akaacha kushika simu zake.

Hared akamfuata hadi kwa shangazi, akasimama langoni.

"Nimekukosea wapi?"

"Hukutaka kushika mkono wangu. Ukaniletea ya kuuficha."

"Keziah, dini yangu hainiruhusu kushika mkono wa msichana ambaye sijamuoa. Hata huyu shangazi yako sijawahi kumshika. Glavu ni za jua. Samsam pia huvaa."

"Kwa hivyo si vipele?"

"Vipele? Mimi huogesha mbuzi wenye upele na mikono hii, halafu nakula nayo."

"Ai, Hared. Hiyo ni uchafu."

"Huwa nanawa."

Keziah alicheka kwa mara ya kwanza tangu ngozi iumuke. Akamwonyesha mikono yote miwili, na maji yake, na ukoko wake. Hared akaitazama polepole, hakugeuza uso.

"Nipeleke kwa babako, nikuchumbie."

"Baba ni mzee wa kanisa. Atakataa Mwislamu."

"Akatae akiwa ameniona."

Keziah akavaa glavu moja. Ya pili ilimwasha, akaiacha. Wakashika njia ya kwenda stendi kutafuta gari la Kitengela. Hared akahamia upande wa jua, akatembea karibu, bila kumgusa, na kivuli chake kikaulalia ule mkono uliokuwa wazi.